Ruksa ya Saba

Mngoni akibisha hodi nyumbani kwa mtani wake Mhehe haombi ruhusa ya kuingia. Anamtahadharisha mwenye nyumba kwamba vitu vyake viko hatarini.

Eufrasia Kikoti, Mhehe, alilijua hilo kwa miaka tisa, tangu aliposhuka Songea na sanduku moja, sufuria mbili na cheo cha Mlinzi wa Anga. Katika miaka hiyo Longinus Mbano, Mngoni na meneja wa uwanja wa ndege, alikuwa ameshamchukulia kuku kumi na mmoja, mwavuli, redio na pazia la sebuleni. Pazia lenyewe liko dirishani kwa Longinus hadi leo, na Eufrasia akipita njia ile hulipungia mkono. Naye hajakaa bure: kitanda anacholalia usiulize kimetoka kwa nani.

Kwa hiyo asubuhi ile, alipokuwa jikoni akikoroga uji na kusikia viatu vya Longinus barazani, hakugeuka.

"Hodi humu kwa wala mbwa."

"Karibu, mkimbizi. Leo umekimbia nini?"

"Njaa. Mbwa wa jirani haonekani tangu juzi, nikasema nipite nichungulie sufuria ya mtani wangu."

"Funua. Ukikuta mkia, ni wako."

Wakacheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Macho ya Longinus yalikuwa mekundu. Alikuwa ametoka msibani. Mzee Otmar Gama, fundi aliyewafundisha nusu ya mafundi wa uwanja ule, Longinus akiwa wa kwanza, alikuwa amefia Dar es Salaam juzi, kikaoni, akiwa ameketi kitini. Walidhani amesinzia, wakaendelea na ajenda mbili nzima kabla mtu hajamgusa bega.

"Mjane wake, Mama Kresensia, amesema lolote?" Eufrasia aliuliza.

"Hata neno. Hajalia, hajala. Anakaa tu." Longinus alisimama karibu na ukuta, mahali palipopigiliwa msumari wa kutundikia chujio la chai. "Ukoo umekaa. Tumeamua mzee afuatwe kwa ndege, kwa Mwewe. Leo saa tano. Mama mwenyewe aende akamchukue mumewe, warudi pamoja jioni hii hii."

"Imebaki ruksa moja ya kuruka, Longinus. Na mwaka umebakiza siku thelathini na nane."

"Najua."

"Na mvua hizi."

"Najua, mtani." Alinyoosha mkono taratibu, bila kujificha, akatoa kitu kwenye ule msumari, nyuma ya chujio. "Nimechukua."

Eufrasia akacheka kwa mazoea. Kicheko kilimfikia kooni ndipo akaona kilichochukuliwa. Hakikuwa chujio.

Kilikuwa kipande cha chuma cheusi, urefu wa kidole cha shahada. Bila ufunguo huo injini za Mwewe haziwaki hata rubani apige magoti.

"Hicho rudisha," alisema.

"Nimechukua, mtani," Longinus alirudia, na safari hii hakuwa anacheka. "Kama nilivyochukua kuku. Unanidai nini?"

Akatoka. Uji ukaungua.

*

Itabidi tuseme jinsi mji mzima ulivyokubali anga yake ilindwe na mgeni.

Mwewe ni ndege ya zamani, ya injini za moto. Huenda Dar es Salaam kwa saa moja, na moshi wake hubaki hewani kuliko umri wa abiria wake wote. Dunia ilipochoka kuoga maji ya mafuriko, ikakubaliana kwamba kila mji uruke kadiri unavyoweza kusafisha. Songea ikapewa mashine za kufyonza moshi, zikapangwa mgongoni mwa milima ya Matogoro kama mizinga ya nyuki. Mashine zile zikifanya kazi siku hamsini na mbili, mchana na usiku, ndipo zinafuta moshi wa safari moja ya Mwewe, kwenda na kurudi. Gawanya mwaka kwa hamsini na mbili. Ndiyo hizo ruksa saba.

Safari nyingine zote ni za Ungo. Chombo hiki alikibuni Otmar Gama na mafundi wake papa hapa Songea: duara pana kama uwanja wa mpira, tumbo la gesi nyepesi, na juu yake ngozi nyembamba inayokunywa jua. Hakina moshi wala kelele. Haraka pia hakina. Upepo ukiwa mzuri, Dar es Salaam ni saa kumi na nne. Ukiwa wa mbisho ni zaidi ya ishirini. Jina alilitoa Otmar mwenyewe. Wachawi wa zamani walisafiri kwa ungo kwa siri, alisema, basi sisi tutasafiri hadharani na kukatiwa tiketi.

Mwaka wa kwanza wa sheria, Mlinzi wa Anga alikuwa kijana wa hapa hapa. Alitakiwa atoe ruksa saba, akatoa arobaini na tatu. Atamkatalia vipi shemeji? Atamwambia nini mama mkwe, naye Mwewe anaiona pale inang'aa? Mwaka ule mto Ruvuma uliingia hadi kwenye madarasa ya shule, na kijana akajiuzulu kwa aibu.

Otmar ndiye aliyesimama barazani akasema: mnatafuta mlinzi asiyeogopa kutukataa? Leteni mtani. Mhehe atatukataa huku anatutukana, nasi tutacheka twende zetu, wala hakuna ukoo utakaoweka kinyongo. Babu zetu walipigana wakamalizana kwa utani, itakuwa ndege?

Akaletwa Eufrasia. Siku ya kwanza alikataa ombi la mfanyabiashara mmoja mbele ya foleni nzima kwa kumwambia, "Babu zenu walitoka Afrika Kusini mpaka hapa kwa miguu, na watoto mgongoni. Wewe Dar es Salaam tu unataka mabawa?" Watu walicheka mpaka yule mfanyabiashara akacheka. Mwaka ule Songea iliruka mara saba tu. Miji mingine ikaja kujifunza: Wazaramo wakapelekewa Msukuma, Wapare wakapelekewa Mchaga, na anga ikapumua.

Ila wote, Otmar na ubongo wake wote, walisahau jambo ambalo mtoto yeyote wa kusini angewakumbusha. Mtani ana haki ya kukukataa, kweli. Lakini mtani pia ana haki ya kuingia kwako akachukua kitu, na wewe huna kesi. Sheria ilitaja wizi, ikataja nguvu na hila. Utani haikuutaja.

*

Eufrasia alikaa ofisini kwake uwanjani, simu mbele yake. Angeweza kupiga polisi. Namba ilikuwa ubaoni.

Alijua kingetokea nini. Polisi wangekuja, Longinus angetiwa pingu mbele ya wafiwa, ufunguo ungerudi. Na kuanzia kesho kila atakayekataliwa ruksa asingesikia mtani akimtania. Angesikia serikali ikimkataa. Utani ni kama yai: ukishalipasua kuona kama ni zima, umelimaliza. Angekuwa ameokoa ruksa moja na kupoteza zote zijazo.

Na je, akinyamaza?

Longinus hakuwa mpuuzi, ndilo lililomuuma zaidi. Mgao usiotumika hukatwa. Ruksa ya saba ikilala, mwaka kesho wanapewa sita. Longinus alikuwa na ramani za njia ya pili ya kurukia zimekunjwa kabatini miaka minne. Alitaka mji ukue, parachichi zifike Ulaya zikiwa ngumu, vijana warudi nyumbani. Hayo si maovu. Na kumfuata mzee kwa heshima, nalo si ovu.

Lakini Eufrasia alikuwa na Haule wake.

Miaka mitatu nyuma, timu ya mpira ya mkoa iliingia fainali. Mji mzima ulikuja kumbembeleza, wakaimba chini ya dirisha lake, naye moyo ukalainika. Akatoa ruksa ya saba. Timu ikafungwa tatu bila. Siku kumi na mbili baadaye, mwalimu Haule wa Namtumbo akaumwa na koboko. Barabara ilikuwa imekatwa na maji. Dawa ilitoka Dar es Salaam kwa Ungo, saa kumi na tisa. Haule alisubiri kumi na saba. Tangu hapo mjane wake humletea Eufrasia mahindi mabichi kila msimu, debe zima, anatua, anasalimia, anaondoka. Hajawahi kusema neno la lawama. Afadhali angemtukana.

Eufrasia alisimama, akachukua khanga yake, akaenda msibani.

*

Aliingia uani kwa marehemu akilia kwa sauti ya kupasua masikio, kilio cha watani, ambacho kila mtu anajua hakina machozi.

"Jamani, Mngoni amekufa. Nani sasa ataniibia kuku? Nani atanicheleweshea vikao? Mmemlaza wapi, nihakikishe kweli amekufa, isije ikawa anakwepa kazi."

Akina mama waliokuwa wakimenya viazi walificha nyuso kwenye khanga, mabega yakitikisika. Kwenye mkeka alikaa Kresensia, mjane, mgongo umenyooka, mkoba mapajani, tayari kwa safari. Hakucheka. Alimtazama tu.

Eufrasia akapita moja kwa moja chumbani. Nyuma ya mlango, kwenye msumari, lilikuwa koti la kaki la Otmar, lile alilolivaa kazini jua liwe kali au mvua inyeshe, na kofia yake ya pama iliyolegea ukingo. Alivichukua vyote viwili, akatoka navyo kifuani.

"Nimechukua," aliwaambia waliokuwa mlangoni.

Hakuna aliyemzuia. Nani angemzuia?

*

Saa tano kasoro dakika chache watu kama mia mbili walikuwa wamesimama kando ya njia ya kurukia. Mwewe ilikuwa imeoshwa. Rubani yuko kitini, Longinus chini ya ngazi na ufunguo mkononi, na Kresensia ameshaweka mguu kwenye ngazi ya kwanza, wazee wawili wa ukoo wakimshika viwiko.

Ndipo kutoka banda la Ungo akatokea mzee.

Alichechemea mguu wa kushoto. Koti la kaki limefungwa vifungo vyote, kofia imeshuka hadi nyusi. Kila hatua ya nne alisimama, akatia mkono mfukoni, akatoa karanga moja, akaitazama kama anayeikagua, akaitupia mdomoni. Hakuwa na haraka hata chembe. Mtoto mmoja akasema, "Babu Otmar," na mama yake akamziba mdomo, kisha yeye mwenyewe akatoa sauti ambayo hukuweza kujua ni kilio au kicheko.

"Mnaondoka mnaniacha?" yule mzee aliuliza. Sauti ilikuwa ile ile, ya kukwaruza, iliyotokea puani.

Kwa watani wa marehemu hili ni jambo la kawaida, kuvaa nguo zake na kutembea mwendo wake. Lakini hakuna aliyewahi kuona likifanyika mbele ya ndege.

"Mtani," Longinus alisema kwa sauti ya chini, "leo si siku yake."

"Mtani yupi? Longinus, kijana wangu, bisibisi yangu ndogo ulinitupia wapi? Ya mpini mwekundu. Nimeisubiri miaka kumi na tisa."

Umati ulilipuka. Bisibisi ile ilikuwa hadithi ya mji; Otmar aliiulizia kila sikukuu. Longinus akainama, akajifuta macho kwa kiganja cha mkono ulioshika ufunguo.

"Eufrasia, nisikilize kama mtu mzima," alisema. "Ruksa hii ikilala inaoza. Mwaka kesho sita, unaofuata tano. Mji unajifunga wenyewe kamba. Na huyu ndiye aliyetupa yote haya. Tumlete kama gunia la mahindi? Saa ishirini na mbili angani?"

Chini ya kofia, Eufrasia alitokwa jasho. Alikuwa na jibu la sheria na jibu la Haule. Hakulitoa hata moja. Alimtazama Kresensia, mikono yake iliyoufumbata mkoba, na kwa mara ya kwanza akaogopa kweli. Kama mama huyu hataki mzaha, je? Hakuna sheria ya utani inayomkinga mtu na kuwa mkatili.

Lakini alikuwa ameshavaa koti. Akachechemea hadi chini ya ngazi, akavua kofia kama alivyofanya Otmar kila alipochelewa nyumbani, yaani kila siku.

"Mama Bosko," alisema, kama Otmar alivyomwita mkewe, "hawa wananikimbiza wapi? Kaburi halihami."

Maneno yale alikuwa nayo Otmar maisha yake yote. Aliwaambia mawaziri, akawaambia mafundi, akamwambia daktari.

"Miaka arobaini na moja umenisubiri," Eufrasia aliendelea, na sauti ya mzee ikaanza kumtetereka. "Jioni ngapi umefunua chakula ukafunika tena. Nilikuwa bandani nashona ngozi ya Ungo. Kila mtu alisema hautapaa. Umepaa. Dunia nzima inaupanda. Leo zamu yangu nipande, nao wananitafutia ndege ya moshi. Mimi nimesema mambo mengi, Mama Bosko. Lakini hili la ndege ya moshi sijasema."

Kresensia alishusha mguu kutoka kwenye ngazi. Alimtazama yule mzee wa uongo kuanzia kofia hadi viatu, ambavyo vilikuwa vya kike.

"Utafika lini?" aliuliza. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu juzi.

"Kesho. Saa nane mchana."

"Saa nane." Mdomo ulimcheza. "Ndivyo ulivyoniambia tangu unioe."

Mzee mmoja wa ukoo akaanza kucheka, wa pili akafuata, mpaka rubani huko juu akasikika akicheka dirishani. Kresensia naye akacheka, akacheka hadi akaketi kwenye ngazi ya Mwewe, na hapo kwenye kicheko ndipo machozi yalipopata njia. Akina mama wakamzunguka. Alilia kwa muda mrefu, na hakuna aliyemharakisha.

Alipomaliza alifunga mkoba wake.

"Mleteni na Ungo wake," alisema. "Chakula nitakifunika."

Longinus alisimama akiutazama ufunguo. Kisha akamwendea yule mwenye koti, akautumbukiza katika mfuko wenye karanga.

"Shika, mzee," alisema. "Bisibisi nitaitafuta."

*

Otmar aliahidi saa nane. Alifika saa kumi na moja.

Na hapo ndipo wengi walipoelewa walichokuwa wakikaribia kukikosa. Mwewe ingekuja kwa ngurumo, ingetua, ingezimwa. Ungo ulionekana kwanza juu ya Matogoro, mdogo kama sarafu, na kwa saa nzima ukakua. Watu walitoka Lizaboni, wakatoka Bombambili, wakasimama barabarani bila kuambiwa. Kivuli chake kilipita juu ya paa moja baada ya jingine, juu ya soko, juu ya shule iliyowahi kuingia maji, na kila kilipofika watu walivua kofia. Hapakuwa na sauti yoyote ila upepo kwenye ngozi ile aliyoishona kwa mikono yake. Mji wote ulipata nafasi ya kumtazama akirudi nyumbani.

"Hata kufa hakukumfundisha kuwahi," Kresensia alisema, na alisema kwa fahari.

Eufrasia alibaki na siku thelathini na saba za kulala na sikio moja wazi. Siku ya ishirini na tisa simu iliita kutoka Mbamba Bay: mama mwenye uchungu, mtoto amekaa vibaya. Alikimbia uwanjani na ufunguo mkononi, rubani akakimbia nyuma yake na kiatu kimoja. Kabla hajauchomeka, simu ikaita tena. Mkunga alikuwa amemgeuza mtoto. Wote wazima. Eufrasia akakaa chini pale pale kwenye lami, akicheka peke yake.

Hakuna mwingine aliyeita. Mwaka ukaisha, ruksa ya saba ikalala.

Longinus alikuja na ngazi na kopo la rangi, kubadilisha namba kwenye ubao wa uwanjani. Eufrasia alimshikia ngazi.

"Imeoza bure, umeona?" alisema kutoka juu, akiifuta saba.

"Nimeona."

"Mwaka kesho nitaandika barua. Nitaomba kumi."

"Andika. Mimi nitazikataa huku nakutukana."

"Ndiyo kazi yako," Longinus alisema, akachora sita, akaipamba kwa mkia. Aliteremka, akaitazama kwa mbali. Ilikuwa sita nzuri. Njiani kurudi alipita jikoni kwa Eufrasia akachukua kuku.

Barua ya Baraza la Anga, linalogawa ruksa, ilifika wiki iliyofuata, kurasa mbili. Baraza lilikuwa limesikia habari. Iliagiza walinzi wote kuhifadhi ufunguo katika sanduku la chuma lenye namba za siri, mbali na watu wote, hususan watani.

Eufrasia aliisoma mara mbili. Kisha akatoa karanga zilizobaki mfukoni mwa koti la kaki, ambalo kwa haki ya utani lilikuwa lake sasa, akazifungia katika ile barua vizuri, ampe mjane wa Haule atakapokuja na debe lake. Safari hii angemwomba akae.

Ufunguo akautundika pale pale, kwenye msumari, nyuma ya chujio.